Visanduku Vinne vya Baba

Baba yangu hakuniuliza nimekula nini wala nimelala kwa nani. Nilikuwa na siku mbili tu Johannesburg, mwaka 2015, miguu imevimba kwa safari ya mabasi, nimeazima simu ya mwanamke nisiyemjua vizuri ili niwaambie watu wa nyumbani Uvira, Kongo, kwamba nimefika mzima. Baba alipokea, akamshukuru Mungu kwa sentensi moja, kisha akaniuliza, "Enhe, na visanduku vyako vina namba gani?"

"Visanduku gani tena, baba?"

"Vinne. Vya kwenye bahasha. Usiniambie umefika Afrika Kusini na hujui visanduku vyako."

Inabidi nieleze, maana mtu asiyemjua angedhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Baba alikuwa mtu wa posta. Aliingia kazini kijana, kazi yake kuchambua barua nyuma ya kaunta, na aliendelea kwenda hata miaka ile ambayo barua zilikuwa haziji tena. Alifungua dirisha asubuhi, alilifunga mchana, akarudi nyumbani kula, mpaka siku alipoambiwa asirudi. Kwetu Uvira mtaa hauna namba ya posta. Unaandika jina la mtu na mji wake, na kama ana sanduku la posta unaandika namba ya sanduku, basi. Lakini zamani sana, kabla sijazaliwa, ilimpitia mkononi barua kutoka Afrika Kusini. Bahasha nyeupe, na kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, vimechapwa visanduku vinne vidogo vya rangi ya chungwa, kila kimoja kinangoja tarakimu yake. Mwenye barua alikuja, akachukua karatasi zake, akaiacha bahasha kaunta. Baba akaibeba nyumbani, akaiweka ndani ya Biblia, na humo ndimo tulimoiona sisi watoto wake, mara nyingi kuliko tulivyotaka.

"Oneni," alikuwa akisema. "Hawa watu kila mtaa wameupa namba yake. Huko mtu hapotei."

Aliamini hivyo kabisa. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, nilikuwa nimekwenda mbali kuliko mtu yeyote wa nyumba yetu, na kwa akili yake nikishapata tarakimu nne siwezi kupotea. Hofu yake yote juu yangu ilikuwa imekaa hapo. Na mimi, Mungu anisamehe, hapo hapo ndipo nilipomdanganya.

Tarakimu zangu zilikuwa 2198. Ndiyo namba ya Berea. Nilipanga kona ya chumba ghorofa ya saba, lifti ilikufa kabla hatujazaliwa wote tuliokuwa tunapanda ngazi zake, na ukuta wangu ulikuwa pazia la maua. Flati yenyewe ilikuwa ya mama mmoja wa Lubumbashi, maana jina lililokuwa kwenye mkataba ni lake, na sisi wengine alitugawia sehemu sehemu. Ukivuka barabara upande wa Hillbrow namba inageuka kuwa 2001. Ukishuka Doornfontein, nilikokuwa nashona kwenye karakana ya nguo za kwaya na za harusi, inakuwa 2094. Nilizijua namba hizi mapema kwa sababu ya wenzangu wa flati. Siku ya kwanza najaza fomu ya kuomba kazi walinipokonya kalamu. Waliniita yaya, yaani dada mkubwa, kama ninavyoitwa nyumbani. "Eish, yaya, usiandike hiyo 2198. Watakomea hapo hapo, hata jina lako hawatalifikia."

Na huko nyumbani jina la Berea lilikuwa limenitangulia. Kijana mmoja wa kanisa letu alikuwa amekaa Johannesburg miezi michache, akarudi, na baada ya ibada akasimulia uani kwamba Berea ni mahali pa wezi na wanawake wanaojiuza, mtu mwenye heshima hakai. Baba alikuwepo. Wiki ile ile akanipigia, sauti imekauka.

"Huko Berea anakokusema huyu mtoto, weye hauko, sivyo?"

"Mimi? Hata kidogo!"

"Uko wapi basi?"

Mdomo wangu haujui kunyamaza hata pale akili inapouomba. Mezani mbele yangu kulikuwa na kipande cha karatasi chenye vipimo vya mteja, mama mmoja Mkenya aliyefanya kazi benki, na chini yake anwani ya kupelekea nguo. Nikaisoma kama ilivyo. "Niko Midrand, baba. Nyumba zenye geti."

"Namba?"

"1685."

Nikasikia kalamu inakwaruza. Akairudia tarakimu moja moja, taratibu, kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta. Hivyo ndivyo nilivyohama Berea bila kutoka nyuma ya pazia langu.

Yule mama wa Kenya nilimweleza ukweli wakati namjaribisha gauni. Alicheka mpaka pini zikamchoma. "Mwambie aandike tu. Si ni barua? Barua haili ugali wangu." Na kweli baba akaandika. Kwetu hakukuwa tena na mahali pa kuitumbukiza barua, kwa hiyo alimpa mtu anayevuka kwenda sokoni Bujumbura, na huyo akaiposti kule. Zilikuja mbili au tatu kwa mwaka. Mama wa Kenya aliniletea karakana mwenyewe. "Aki huyu mzee wako! Ona mwandiko. Na hivi viboksi amechora na rula."

Alichora na rula, ndiyo, na kalamu nyekundu, kwa sababu rangi ya chungwa hakuipata. Visanduku vinne kwenye kona ya chini, na ndani yake 1, 6, 8, 5, kila tarakimu imekaa katikati bila kugusa mstari. Ndani ya bahasha hakukuwa na mambo makubwa. Kuku ametotoa. Mdogo wangu, yule anayenifuata, amepaka nyumba chokaa. Kwaya inaimba vibaya. Barua moja iliniacha nacheka peke yangu mbele ya cherehani: "Fundi wa ng'ambo ya barabara ameacha kutengeneza vitanda, siku hizi ni masanduku tu, anasema ndiyo yanayotoka. Asubuhi ananisalimu huku ananitazama toka kichwani mpaka miguuni. Nimemwambia, bwana, mimi bado, kapime wengine."

Fundi huyo nilimjua. Ndiye aliyemtengenezea mama sanduku lake la kuzikiwa. Kwetu nyumbani mzazi akifa wajomba na baba wadogo hupanga kila kitu, saa ya mazishi, chakula, mahubiri, lakini sanduku huulizwa mtoto wa kwanza. Bila neno lake msumari haupigwi. Mama alipokufa nilikuwa na miaka ishirini, nikaitwa uani, nikaonyeshwa mbao mbili, watu wazima wote wananisikiliza mimi. Nikasema ile nyekundu. Sikujua hata kwa nini.

Basi tukaendelea hivyo, baba na Midrand yake, mimi na ngazi zangu. Kuna siku nilitaka kumwambia. Kisha namsikia mtu nyuma ya simu anamuuliza binti yako yuko wapi siku hizi, naye anajibu kwa sauti ya kaunta, "Midrand, 1685," na mimi naaga, nakata simu. Nilijiambia uongo huu haumuumizi mtu.

Mwaka 2018 mama wa Kenya akahamishwa kazi, akarudi Nairobi na familia yake. Alinipa mapazia, sufuria mbili na kumbatio refu. "Na barua za mzee?" aliniuliza. Nikasema nitamwambia baba leo leo. Sikumwambia. Nilipompigia aliniambia ametuma barua juzi, nikaona haya kumkatisha, nikasema nitamwambia mara ijayo. Mara ijayo ikafika nayo nikaiacha ipite.

"Umeipata?"

"Haijafika, baba."

Akatuma nyingine. Haijafika. Akatuma ya tatu, na nilipomwambia nayo haijafika akasema: "Labda nimekosea namba."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamjibu, "Labda, baba."

Neno hilo moja nalikumbuka kuliko uongo wote wa miaka mitatu. Nilimwachia mchambuzi wa barua aamini kwamba hawezi tena kuandika tarakimu nne.

Mdogo wangu ndiye aliyeniambia yaliyofuata. Baba alikuwa anakaa na bahasha asubuhi nzima, anaandika, anafuta, anamwita mtu yeyote anayepita amsomee. "Hii ni sita au sifuri? Sema kweli." Akaenda kupimwa macho, akaambiwa macho yake ni ya umri wake tu, hayana ubaya. Hakuridhika. Kisha akamwendea mchungaji, akamwomba amtafute mtu mwingine wa kusoma somo Jumapili. Baba alikuwa amesoma somo kanisani tangu mimi mtoto. Alisema macho yake yameanza kumdanganya, hataki kulikosea Neno mbele ya watu.

"Yaya, anazeeka," mdogo wangu aliniambia. "Ndiyo hivyo, tufanye nini."

Sikulala vizuri wiki ile, na nilistahili. Jumamosi nilipanda teksi mbili mpaka Midrand, nikaenda kwenye geti la zile nyumba. Mlinzi alikuwa Mkongo mwenzangu, wa Bukavu. Niliposema habari ya barua hakuniacha nimalize.

"Za mzee wa visanduku vyekundu? Zilikuja, mama. Tatu. Watu wapya wa ile nyumba wakasema hawamjui mtu huyo, zikarudishwa."

"Namba ilikuwaje?"

"Namba ilikuwa sawa. Nyumba hii, barabara hii, kila kitu sawa. Mtu tu ndiye hayupo."

Zilirudishwa wapi, hakujua. Kwetu hazikufika kamwe. Baba hakuwa na sanduku la posta tena la kuzipokea.

Nilikaa kwenye nyasi nje ya geti, mchana kweupe, magari yanaingia na kutoka, nikampigia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalinikimbia. Nikasema, "Baba, mimi sikai Midrand. Sijawahi kukaa Midrand hata siku moja. Nakaa Berea."

Nilimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake kuku.

"Kwa hiyo namba ilikuwa sahihi," akasema.

"Sahihi kabisa. Mlinzi amezikumbuka zote tatu."

"Mkono wangu haukukosea."

"Haukukosea, baba. Ni mimi."

Nikangoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana, haki ya Mungu. Badala yake alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, kisha akauliza kwa upole, "Na huko Berea, unalala vizuri?" Nililia pale kwenye nyasi za watu mpaka mlinzi akaja kunisimamisha.

Hasira yake ilichukua dakika kumi kufika. Alinipigia mwenyewe, nikiwa nimesimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, nangoja nivuke. "Umenifanya nikapimwe macho!" alifoka. "Nimekaa mbele ya mtoto wa juzi ananionyesha herufi!" Kisha akatulia, akakohoa. "Namba ya Berea?"

"2198."

"Barua zinafika vipi hapo?"

Nikamweleza. Chini, mlangoni mwa jengo letu, vile visanduku vya barua viling'olewa milango zamani, barua ziko sakafuni, watu wanazikanyaga. Baba akaguna. Hilo lilimuuma kuliko wezi wote wa Berea.

"Basi chukua sanduku posta," akasema. "Sanduku lina ufunguo. Na usiniambie namba ya mtaa. Sanduku linaweza kuwa na namba yake mbali. Waulize."

Nikaona ni mambo ya kizee. Lakini nilimwahidi, na safari hii nilikusudia. Nilitaka apate tarakimu nne za kweli kutoka kwangu, azijaze kwa mkono wake, na barua ifike. Sikuwa na kitu kingine cha kumlipa.

Posta ya karibu ilikuwa Yeoville. Walitaka kitambulisho, nikawapa karatasi yangu ya kuomba hifadhi. Wakataka barua ya kuthibitisha ninapokaa. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jina langu halikuwepo kwenye mkataba wowote wa mji ule. Nikamwendea mama mwenye flati.

"Weye unatafuta kuniletea shida," akasema. "Niandike kwamba umepanga kwangu? Mwenye jengo akiona nimejaza watu, tutalala wapi wote?"

Nilimbembeleza wiki tatu. Nilimshonea kitenge cha Pasaka, akakivaa, akanishukuru sana, hakusaini. Nilimpikia sombe, kisamvu cha kwetu, akala, akajilamba vidole, hakusaini. Kila simu kutoka nyumbani swali lilikuwa moja. "Sanduku?" "Bado, baba." Mdogo wangu naye akaanza kuandika ujumbe. "Yaya, baba ana homa kidogo, anaulizia sanduku." Siku nyingine, "Baba amelala leo mchana kutwa, akaamka akaulizia sanduku." Niliuliza kama ni homa mbaya. Akajibu ni homa tu.

Mara ya mwisho kuzungumza na baba sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ina furaha. "Barua nimekwisha kuiandika," alisema. "Bahasha iko tayari, anwani yote nimeandika, na jina lako. Nimebakiza visanduku tu. Na namba ya sanduku lenyewe."

"Weka 2198, baba, tumalize."

"Hapana! Uliza kwanza."

Siku ile nilimwendea mama mwenye flati bila kitenge wala sombe. Nilimweleza tu habari yenyewe, kuanzia ile bahasha ya ndani ya Biblia mpaka "labda, baba". Alinisikiliza huku anachambua mchele. Mwisho akafuta mikono, akasema, "Lete hiyo karatasi." Akasaini, tukaenda wote polisi kuigonga muhuri.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya posta. Umeme ulikuwa umekatika jengoni tangu jana, simu ina chaji kidogo, nikaizima niihifadhi. Nilisimama kwa muda wa karibu saa tatu. Dada wa dirishani aliangalia karatasi zangu, akanipa fomu, nilipojaza 2198 akaikata kwa kalamu yake.

"Hiyo ni ya barabara," akasema. "Sanduku la Yeoville ni 2143."

Nilipiga makofi pale pale, watu wakageuka. Mzee alijua! Hajawahi kuvuka mto Limpopo, amekaa Uvira na bahasha moja kuukuu, na alijua. Nilitoka nje na ufunguo mdogo mkononi, nikaketi kwenye ngazi, nikawasha simu nimpe habari.

Simu nne za mdogo wangu zilikuwa zimenikosa. Nikacheka. Mzee huyu, hata asubuhi moja hawezi kungoja! Kisha ujumbe wake ukaingia: "Yaya, sanduku gani? Watu wote wanangoja neno lako."

Nikaandika haraka, vidole vinateleza kwa furaha. Nikaweka namba ya sanduku langu, halafu: "Yeoville 2143. Mwambie baba alikuwa sahihi! Namba ya sanduku ni mbali na ya barabara. Asiweke 2198. Ufunguo ninao mkononi." Nikatuma.

Ndipo ukaingia ujumbe mwingine, ambao mdogo wangu alikuwa ameutuma kwanza, saa mbili kabla. Jumbe zilipishana njiani. Ulisema baba ametutoka alfajiri, usingizini, na kwamba wazee wamekwisha kufika.

Niliusoma. Nikarudi nikasoma ule wa sanduku. Nikaelewa ni sanduku gani. Nilitaka kuurudisha ule ujumbe wangu kwa mikono, na hakuna pa kuushika. Mwanamke aliyekuwa anauza maandazi pembeni ya ngazi aliniuliza kwa Kizulu nina nini. Aliacha ndoo yake, akaja akakaa karibu yangu, akaniwekea chupa ya maji mapajani.

Mdogo wangu alipiga baada ya muda. Kwanza tulilia tu. Kisha akaniambia kwamba ujumbe ulipofika hakuusoma kwanza, alidhani ni neno la sanduku, akausoma kwa sauti mbele ya watu wote uani. Baba mdogo akauliza ni mbao gani hiyo. Fundi wa ng'ambo, ambaye alikuwa amesimama tayari na futi yake, akasikia elfu mbili mia moja arobaini na tatu, akauliza kama ni milimita.

"Wakacheka, yaya," alisema. "Watu walicheka, halafu wote wakalia. Nimewaambia ni mambo ya posta ya baba. Sasa sema. Wanangoja."

Nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya posta, ufunguo umenichonga kiganjani, nikasema ile nyekundu, kama ya mama.

Sikwenda kumzika. Karatasi yangu hairuhusu nirudi nilikotoka, ukivuka mpaka nayo umeitupa. Kanisani Doornfontein walinifanyia maombi, mama mwenye flati alinitandikia godoro sebuleni watu wakaja kukaa nami siku tatu, na alipika yeye. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na mama huyo kwa zile wiki tatu, kisha naona mikono yake inanipakulia na hasira inanirudia mwenyewe.

Sanduku langu la posta nililitembelea kila nikitoka kazini. Nilijua halina kitu. Nilifungua, nikaangalia ndani, nikafunga, nikapanda kwenda Berea. Nilifanya hivyo zaidi ya mwezi.

Siku moja kulikuwa na bahasha. Mwandiko wa baba, jina langu lote, Johannesburg, Afrika Kusini. Namba ya sanduku na neno Yeoville vilikuwa kwa mkono wa mdogo wangu. Kwenye kona ya chini, visanduku vinne vyekundu vya rula, na ndani yake, kwa wino wa buluu, 2, 1, 4, 3, hazikukaa katikati, ile nne imegusa mstari. Mdogo wangu aliikuta bahasha ndani ya Biblia, akazijaza tarakimu kutoka kwenye ujumbe wangu, akampa mtu wa Bujumbura.

Niliifungua nimesimama. Ukurasa mmoja.

"Binti yangu. Nimerudi kusoma somo kanisani, na sikukosea hata mstari. Baada ya matangazo niliomba neno, nikawaambia watu wote, binti yangu hakai Midrand, anakaa Berea. Nikawaambia na namba. Yule kijana aliyeisema Berea vibaya alikuwa amekaa mbele, akatazama viatu vyake. Zile barua tatu zisikuumize, zilikuwa habari za kuku. Ukipata hii, nijibu upesi. Huku hatuna namba, lakini andika jina langu na Uvira, wananijua."

Chini hakuandika kwaheri. Aliandika jina lake na cheo chake cha zamani, mchambuzi, kama alivyofanya siku zote.

Nilivuka barabara, nikanunua bahasha kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Walikuwa nazo zile nyeupe zenye visanduku vya rangi ya chungwa. Niliketi kwenye ngazi ile ile, nikamwandikia kwamba nimeipata, kwamba nalala vizuri, kwamba mwandiko wake unasomeka, kwamba anisamehe. Nikaandika jina lake na Uvira. Visanduku vinne niliviacha vitupu. Kisha nikarudi ndani, nikafungua sanduku langu, nikaiweka humo, nikafunga kwa ufunguo.